Vitonge vya Mbwa Siku ya Arafa

Hapa Salale mbwa wachache hufa kwa uzee. Wengi hufa Idi.

Miaka hii Idi ya kuchinja inaangukia wakati mpunga unaiva, na mpunga ukiiva mbwa wote wako mashambani, ng'ambo ya mto, kuzuia nguruwe pori. Upepo ukivusha harufu ya pilau, mbwa anakata kamba, anaogelea mpaka kijijini, anajilia jalalani. Anakula mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo ikivunjika inakuwa na ncha kama miiba ya samaki hongwe. Anakula ukoko wenye vitunguu na mafuta. Siku ya pili tumbo limevimba. Siku ya tatu mwenyewe anamburura kumtupa mikokoni. Siku ya nne nguruwe wamo shambani wanavuna wasichopanda. Watu wanasema ni husuda. Husuda gani? Ni mapaja ya kuku.

Aliyekaa akalifikiri jambo hili ni mtu mmoja tu, wifi yangu Habiba, mke wa kaka yangu Abdalah.

Habiba si mzaliwa wa visiwa hivi vya mdomo wa mto. Aliletwa kutoka Mohoro akiwa na miaka kumi na minane, na kwao mbwa alikuwa mnyama wa kupigiwa mawe. Mwaka wake wa kwanza huku alilima, akapalilia, akaamia ndege mpaka sauti ikamkauka, kisha nguruwe wakaingia mara moja tu wakala robo tatu ya shamba. Alikaa juu ya tuta na mimba ya mwanawe Dadi tumboni, akatazama. Hakulia. Akasema, "Kumbe huku mtu analima na mumewe, anavuna na nguruwe." Akamwambia kaka yangu alete mbwa.

Mama yetu, Mungu amrehemu, alisema mbwa akivuka kizingiti chake yeye anahama. Habiba akajibu kwa adabu zote kwamba mbwa hatavuka kizingiti, atakaa shambani, na atakayehama ni nguruwe.

Hiyo ni miaka thelathini na moja iliyopita. Mbwa aliye naye sasa ni wa tano, jike la rangi ya majivu, meno nusu yamekwisha, jina lake Mtasema. Jina hilo alimpa kwa ajili ya majirani, na majirani walilielewa.

Wanamwita Mama Mbwa. Anasikia, anapita. Wanaomwita hivyo hawajamwona akijitoharisha. Chungu cha mbwa, mwiko na ungo wake vinakaa mbali na nyumbani, chini ya dungu, kile kijumba cha kulindia kilichoinuliwa kwa miti katikati ya mpunga. Mate ya mbwa yakimgusa mkono anaosha mara saba, mara moja kwa udongo, na nimemwona akipotewa na hesabu akaanza upya, goti linamuuma, jua linamchoma, hakuna anayemwona isipokuwa mimi na Mungu.

Namna ya kuwalisha mbwa Idi wasife aliipata kwa bwana mifugo, Wilbrod, mtu wa bara anayekuja kwa boti kutoka Kibiti na dawa zake za kichaa cha mbwa ndani ya kisanduku cha barafu. Mbwa wa tatu wa Habiba alipokufa siku ya pili ya Idi, Wilbrod alikuwa hapa. Alimpasua kwa kisu mbele ya watu, akatoa kipande cha mfupa kirefu kama kidole. Halafu akamwambia: usimpe mbwa mfupa uliopikwa, usimpe kitunguu, usimpe mafuta, usimpe chumvi, na bunju akiingia kwenye nyavu usimtupe mahali mbwa anapopita, yule samaki anaua mtu sembuse mbwa. Habiba hakuandika. Alikariri kama anavyokariri sura fupi.

Tangu hapo kila mwaka siku ya Arafa, mkesha wa Idi, anatengeneza vitonge. Anachemsha chenga za mchele na boga la shambani. Anachemsha vichwa vya samaki peke yake, anavichambua kwa vidole, mwiba mmoja mmoja, mpaka ibaki nyama tupu. Mwisho anatia maganda ya kamba wa baharini yaliyotwangwa laini kama unga, maana mbwa wa huku bila harufu ya kamba hakijui kuwa ni chakula. Anaponda vyote, anaviringa vitonge vya ukubwa wa ndimu, anavianika kwenye ungo mpaka vishike ganda kwa nje. Kisha anawafunga mbwa kwa kamba ndefu kivulini mwa dungu, na beseni la maji baridi ya kunywa, siku tatu za Idi. Mbwa aliyeshiba hasikii pilau ya watu.

Nasema anawafunga, maana mbwa ni wawili: shamba linalopakana na lake ni la Mshamu, mjane wa kiume mwenye mdomo mkali kuliko kisu chake cha kukatia mikoko. Wao walikuwa na mapatano ya miaka. Mshamu alikuwa na dume kijana, Sinahabari, mbwa aliyeweza kumkabili nguruwe mwenye watoto. Sinahabari analinda mashamba yote mawili, Habiba anapika kwa ajili ya wote wawili. Mtasema yeye kazi yake ni kubweka tu, amezeeka.

Sasa mwaka huu.

Kaka yangu mgongo wake haujafaa kitu tangu mwaka jana. Anakaa barazani, anajua bei ya kila kitu. Habiba amepanda peke yake, amepalilia peke yake, ameamia ndege wiki tano peke yake. Wiki ya mwisho nilimkuta amekaa dunguni, mkono mmoja unavuta kamba ya makopo, macho amefumba.

"Umelala, wifi?"

"Silali. Napumzisha macho, mkono uko kazini."

"Kapumzike nyumbani basi."

"Nyumbani kuna kaka yako," akasema. "Wifi, nimechoka mpaka mifupa inanidai usingizi. Idi hii ningelala tu, nisipike, nisisuke, nisimuone mtu."

Kwa kuwa alikuwa shambani muda wote, kamba wake mwenyewe hakuwa nao. Mimi nilikuwa nao. Nikampa nusu gunia la maganda.

Hapa nitasema wazi. Kamba wetu tunawachemsha, tunawaanika, tunawatwanga watoke maganda. Jua likiwa kali, chumvi unatia kidogo tu. Jua likinuna, unatia chumvi nyingi, la sivyo wanaoza ungoni. Mwezi ule jua lilinuna siku nne. Nilitia chumvi mpaka mkono ukaniwasha. Nilijua. Na nilipomkabidhi Habiba lile gunia aliniuliza, "Ya lini haya?" nikamjibu, "Ya juzi tu, mapya." Hakuuliza chumvi. Sikusema chumvi. Nilikuwa na haraka ya kwenda kusukwa.

Miaka yote maganda yalikuwa yake, alijua alivyochemsha, hayakuhitaji kuonjwa. Mwaka huu yalihitaji, na siku yenyewe ni Arafa, Habiba amefunga. Mwalimu wa chuoni alishatufundisha kwamba mpishi aliyefunga anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Lakini hiyo ni kwa chakula cha watu. Nani ataonja cha mbwa, tena na saumu yake? Alinusa. Kikanukia kamba vizuri. Chumvi haina harufu.

Na uchovu nao ukafanya lake. Kawaida huwapa jioni kidogo na asubuhi kidogo. Safari hii alitaka kuwahi sala ya Idi bila kupitia shambani, basi alasiri ile akawapa vya jioni na vya asubuhi kwa pamoja, akajaza beseni, akawafunga, akaja kufuturu. Alilala mapema. Mwaka mzima sijamwona akilala mapema.

Asubuhi ya Idi tuliswali. Tukapeana mikono. Kaka yangu alikuwa na wageni wanne kutoka Mohoro, ndugu zake Habiba, na ndani kulikuwa na madumu mawili ya maji matamu yaliyoletwa kwa mtumbwi kutoka juu ya mto. Mwaka huu mto ulipungua mapema, maji ya huku chini yameshaanza chumvi, kwa hiyo maji matamu ni kitu cha kuhesabu vikombe. Habiba akawasha moto wa pilau. Halafu akasimama.

"Ngoja niwaangalie mara moja."

"Wamekula, wifi," nikamwambia. "Leo ni Idi."

"Ndiyo maana."

Tukavuka wote wawili na nguo zetu za Idi. Hatukufika dunguni kabla ya kuona. Beseni limepinduka, limekauka, limeng'atwa ukingoni. Udongo wote mpaka mwisho wa kamba umechimbwa kwa makucha. Mtasema amelala ubavu, ulimi nje, anahema. Vitonge vyake vingine vimebaki pale pale, maana meno hana. Sinahabari alikuwa amemaliza vyake na vya mwenzake alivyovifikia. Alijaribu kusimama alipotuona, miguu ya nyuma ikaenda upande wake, akaanguka. Kisha akaanza kutetemeka mwili mzima.

Habiba akaokota kitonge kimoja. Idi imeingia, saumu haipo tena. Akakivunja, akachukua ile sehemu ya ndani ambayo mdomo wa mbwa haujaigusa, akaiweka kwenye ulimi. Akatema.

"Chumvi," akasema.

Akanigeukia. Mimi nilikuwa natazama mpunga.

"Wifi. Maganda uliyatia chumvi?"

"Jua lilikuwa limenuna," nikasema.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alipanda dunguni, ndiko simu inakoshika, akampigia Wilbrod. Aliweka sauti kubwa nikasikia yote.

"Mama Dadi! Idi Mubaraka!"

"Mubaraka baadaye, bwana Wilbrod. Mbwa wawili wamekula chumvi nyingi tangu jana alasiri, na maji yameisha. Mmoja anatetemeka."

"Chumvi kutoka wapi? Si nilikwambia..."

"Uliniambia. Nifanye nini?"

Wilbrod akauliza, "Una maji matamu?"

"Yapo."

"Usimwekee ndoo akanywa kwa fujo, utammaliza. Kidogo kidogo. Vijiko kadhaa, unangoja, vijiko kadhaa tena. Kutwa nzima. Yule jike anaweza kupona. Huyo anayetetemeka, Mama Dadi... mweke kivulini, usimtilie maji kwa nguvu, asije akapaliwa. Mimi boti leo sipati, ni sikukuu."

"Najua ni sikukuu," Habiba akasema, akakata simu.

Akanituma maji. Nikarudi kijijini, nikaingia jikoni kwa kaka yangu, nikachukua dumu moja na kifuu cha nazi. Kaka yangu akanyanyua kichwa barazani.

"Hilo dumu linakwenda wapi?"

"Kwa mbwa."

Akacheka, akidhani ni utani wa Idi. Wageni nao wakacheka. Nikaondoka kabla hawajamaliza kucheka.

Tulikaa matopeni na zile nguo. Habiba kichwa cha Mtasema amekiweka mapajani mwake, anamtilia maji kwa kifuu kwenye kona ya mdomo, anangoja, anatilia tena. Mate yanamchuruzika kwenye doti mpya ya kanga. Mimi nilimshika Sinahabari asijigonge kwenye mti wa dungu. Sijawahi kumshika mbwa maisha yangu yote. Alikuwa wa moto kama jiko.

Saa nne na nusu kaka yangu akaja na mtumbwi wa watu, hakushuka.

"Habiba! Pilau imeungua! Wageni wananawa kwa maji ya chumvi!"

"Waambie wanawe hivyo hivyo."

"Ni ndugu zako!"

"Ndiyo maana watanisamehe."

"Mke mzima, siku ya Idi, umempakata mbwa! Watu watasema nini?"

"Wameshasema," Habiba akajibu bila kunyanyua macho. "Miaka thelathini wanasema. Abdalah, hili shamba ndilo litakalotulisha mwaka mzima. Kama una mgongo leo, shuka ushike kifuu. Kama huna, usinizibie upepo."

Kaka yangu akamwambia mwenye mtumbwi wageuze.

Karibu na adhuhuri Sinahabari alitetemeka mara ya mwisho, akanyooka. Niliendelea kumshika. Habiba aliona, akasema "Inna lillahi," kisha akaikatiza kama mtu aliyejiuliza kama maneno yale yanamhusu mbwa, akatilia maji kidogo tena mdomoni mwa Mtasema. Alasiri Mtasema aliinua kichwa. Akanywa mwenyewe. Akajaribu kusimama, akasimama, akakojoa, akalala tena. Lilikuwa kojo la kumshukuru Mungu.

Ndipo Mshamu akaja, na kanzu yake nyeupe, bakuli la pilau limefunikwa kwa sahani.

"Nimesikia hamjala, nika..." Akamwona mbwa wake. Akaweka bakuli juu ya tuta.

Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea, "Alikata kamba, eh? Mifupa ya watu. Nilijua tu. Kila mwaka mmoja."

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Hapakuhitajika hata uongo, kutikisa kichwa kungetosha. Kijiji kizima kingekubali, kila Idi ndivyo inavyokuwa. Nami nilikuwa na sababu zangu za kuupenda ule mlango, nikaanza, "Ah, Mshamu, unajua Idi ilivyo..."

"Wifi, nyamaza," Habiba akasema. "Hakukata kamba. Kamba yake ile pale shingoni. Nimemuua mimi. Vitonge vilikuwa na chumvi."

Mshamu akaitazama kamba.

"Maganda yalikuwa yangu," nikasema. Ilinibidi.

"Maganda ya wifi, mkono wangu," Habiba akasema.

"Hukuonja?" Mshamu akamuuliza.

"Nilikuwa nimefunga."

"Na mimi nilikuwa nimefunga. Si ungemuuliza huyu?" Akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Swali halibatilishi saumu, Habiba."

Mtasema alikuwa anahema. Mshamu akachuchumaa, akamfungua Sinahabari kamba taratibu, fundo lilikuwa limekaza akatumia meno, kanzu yake yote ikaingia matopeni. Alipomaliza akabaki pale pale.

"Mpunga wangu umebakiza wiki tatu," akasema. "Nani analinda?"

"Nitalinda mimi."

"Wako na wangu?"

"Wako na wangu."

"Na hilo goti?"

"Nitakuja nalo."

Mshamu akamfunga mbwa wake kwenye gunia, akamwinua begani, akaondoka kwa kupita juu ya tuta, hakuaga. Bakuli aliliacha. Tulikula ile pilau kwa mkono baada ya kuosha mara saba, imepoa, ina vitunguu vingi. Habiba alikula yote upande wake. Akasema ana njaa tangu jana.

Kesho yake alfajiri alikuwa kwenye dungu la Mshamu, ambalo ndilo liko upande wa msitu, nguruwe wanakotokea. Mtasema bado miguu haimshiki, alimbeba kwa gunia. Nikaenda nikamwambia nitashika upande wa Mshamu mimi.

"Wewe una kamba wako ungoni."

"Waoze."

Alinitazama, akanisogezea nafasi. Basi tukawa wawili, debe moja na fimbo moja, tangu alfajiri mpaka jua kuzama, na jioni anakuja mpwa wa Mshamu kutupokea, hana salamu kwetu.

Siku ya sita nguruwe walikuja kulipokuwa kunapambazuka, mama na watoto saba. Kubweka kwa Mtasema kukawageuza kutoka kwa Mshamu, wakapita kando, wakaingia kwa Habiba. Tuliwaona kutoka juu. Mpunga wa kona ya mashariki ulikuwa unalala chini kama umefagiliwa.

"Nenda!" nikamwambia. "Mimi niko hapa."

"Mama yao akirudi huku utamweza peke yako?"

Tulipiga mayowe, tukapiga debe. Habiba hakushuka. Walikula mpaka walipotosheka, wakaondoka mmoja mmoja, hata hawakukimbia.

Mchana kaka yangu alikuja kuona hasara. Aliizunguka kona ile, mkono kiunoni.

"Ulikuwa hapo hapo, ukaangalia?"

"Niliangalia."

"Wa kwako unaliwa, wewe unalinda wa Mshamu?"

"Wa kwangu ni wangu," Habiba akasema. "Ule ni wa mtu."

Kaka yangu aliokota masuke machache yaliyobaki mazima, akayatia kwenye kofia yake, akaenda nayo.

Habiba akanyoosha goti juu ya mbao za dungu, akalisugua kwa kiganja. Bado wiki mbili na siku moja. Akaniambia nipige debe kwa nguvu, nisilibembeleze, nguruwe hawasikii mtu anayebisha hodi.